MREJESHO: Makala za utafiti kwa sisi tulio nje ya vyuo

Wakuu, niliuliza sisi wa asasi isiyo ya kiserikali tutasomaje majarida ya kitaaluma wakati kila tukibofya tunakutana na ukurasa wa malipo.

Aliyenielekeza maktaba ya chuo kikuu, ubarikiwe. Mkutubi alinieleza kuwa mikataba mingi na wachapishaji inamruhusu mgeni kusoma akiwa ndani ya jengo, kwenye kompyuta zao. Nywila ya kwenda nayo nyumbani ndiyo hupewi. Sawa tu, nasomea palepale.

Kubwa zaidi ni Research4Life: majarida bure au kwa ada nafuu kwa taasisi za nchi za kipato cha chini, na asasi za ndani zimo. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza 2002 chini ya WHO. Ila inasajiliwa taasisi, si mtu binafsi, kwa hiyo msumbueni bosi. Fomu yetu bado iko mezani kwa wetu (mnamjua bosi na fomu).

JSTOR nayo (hifadhi ya majarida mtandaoni), kwa akaunti ya bure, unasoma makala 100 kwa mwezi, kupakua hapana.

Ule ushauri wa kumwandikia mtafiti mwenyewe? Mmoja alinitumia PDF siku hiyohiyo, mwingine kimya mpaka leo.