Masta ya lishe nikiwa kazini Moshi: mradi wa Tengeru, DAAD, Chevening au nijilipie?

Dada_Kiboriloni (mwanzisha mada)

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba tusaidiane kulinganisha. Nimezunguka na karatasi zangu wiki tatu sasa, na kila ninayemuuliza ananielekeza njia aliyopita yeye.

Mimi ni afisa lishe kwenye halmashauri moja hapa Kilimanjaro. Shahada ya kwanza nilimaliza miaka minne iliyopita, kazini nina miaka mitatu. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, na nina mtoto wa miaka miwili na nusu ninayemlea kwa msaada wa mama yangu. Nataka kusoma uzamili wa sayansi ya chakula na lishe. Utafiti ninaoutamani ni wa watoto wanaoanza kula vyakula vya nyongeza. Kila mwezi napima watoto wa nyumba zenye migomba, ng'ombe na maharage, na bado nakuta udumavu. Nataka kuelewa kwa nini.

Njia nilizo nazo mezani ni nne. Kuna mhadhiri wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, mwenye mradi unaohitaji mwanafunzi wa uzamili. Kuna ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, wa kusoma ndani ya Afrika. Kuna Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, mwaka mmoja huko huko. Na kuna chuo hapa mjini chenye masomo ya jioni na wikendi, ambako ningejilipia kwa awamu. Kama mngekuwa mimi mngeanzia wapi?

Mtoka_Uingereza

Dada, omba Chevening. Nilikwenda mwaka juzi, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na wewe umevuka. Unachagua kozi tatu, wanalipa ada, nauli na posho ya kila mwezi. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Kwako hilo si tatizo kwa kuwa una ajira.

Zaidi ya shahada unapata watu. Nilikaa darasa moja na maofisa wa wizara za nchi zaidi ya kumi na mpaka leo tunaandikiana. Mwaka mmoja unapita haraka, bibi atamlea mjukuu.

Mzee_wa_Njiro

Mtoka_Uingereza, umeongea vizuri ila hilo la mtoto umelipita mbio. Chevening hawalipii wategemezi, si nauli wala matunzo. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu anamwacha au anamchukua kwa fedha yake. Achague mwenyewe, lakini achague akijua.

Binti yangu, nimefanya kazi ya utumishi miaka mingi kabla ya kustaafu. Kabla hujajaza fomu yoyote, nenda kwa afisa utumishi wako uulize kama jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka. Kama halimo, omba liingizwe, na uombe kwa maandishi. Nimeona vijana wanapata ufadhili mzuri kabisa, barua ya ruhusa inakwama mezani kwa mtu, muda wa kuripoti chuoni unapita. Wengine wameondoka bila ruhusa na kukuta wameandikiwa utoro kazini. Ruhusa ikipatikana kwa utaratibu, ajira yako inabaki salama na unarudi kwenye kiti chako.

Tengeru_Maabara

Dada Kiboriloni, mimi niko mwaka wa pili wa uzamivu hapa Nelson Mandela. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu swali lako linanigusa.

Watu wengi wakilinganisha ufadhili wanatazama ada na posho. Mimi naomba utazame kitu kimoja kwanza: nani analipia utafiti? Kwenye uzamili wa sayansi wa miaka miwili, mwaka wa kwanza unasoma madarasa na mwaka wa pili unafanya utafiti. Ada ikilipwa utaingia darasani bila shida. Lakini kutoka mwaka wa kwanza kwenda wa pili ndipo wenzetu wanapopotea.

Nikueleze yaliyonipata kwenye uzamili wangu, katika chuo kingine ambacho sitakitaja. Nilikuwa na mfadhili aliyelipa ada yote na fedha ya kujikimu. Kwenye barua palikuwa na mstari unaosema "gharama za utafiti zitazingatiwa". Sikuuliza maana ya "zitazingatiwa". Nilikusanya sampuli za unga wa mahindi kwenye kaya 120 kwa fedha yangu ya mfukoni, nikaziweka kwenye friza, kisha nikakaa miezi kumi na moja nikisubiri fedha ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Umeme ukikatika usiku naamka kwenda kuangalia jenereta. Mwishoni nilipima sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, kwenye sampuli 60 tu, nusu ya nilizobeba mgongoni. Tasnifu ilipita, lakini zile kaya 60 nyingine nilizoziahidi majibu bado zinaniuma.

Kwa hiyo kwa njia zako nne:

Mradi wa Tengeru, kama ni mradi kweli wenye bajeti, una faida kubwa kwamba vitendanishi, usafiri wa kwenda kijijini na posho ya wasaidizi wa kukusanya takwimu vimo ndani. Mazingira ya lishe pale ni mazuri. Taasisi ilipata vituo viwili vya umahiri kupitia mpango wa Benki ya Dunia, na kimoja ni cha kilimo, chakula na lishe. Ubaya wa mradi ni kwamba swali la utafiti mara nyingi limeshaandikwa. Wewe unataka watoto wanaoanza kula. Mradi unaweza kuwa unataka ukaushaji wa mboga. Uliza mapema.

DAAD ya ndani ya Afrika inalipa ada, posho na mchango wa utafiti, na waliomo wanaweza kuomba muda mfupi wa utafiti Ujerumani. Lakini shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita tangu uipate. Una minne. Ukisema "nitaomba mwaka kesho kutwa" utakuwa umefika ukingoni. Tena si kila chuo kimo. Orodha ya vyuo na kozi hutolewa kwa kila awamu, isome kabla hujapenda chuo.

Kujilipia sikukatazi. Ila piga hesabu ya ada jumlisha utafiti, usiishie kwenye ada.

Dada_Kiboriloni

Tengeru_Maabara, asante sana. Hilo la "zitazingatiwa" limenifanya nirudi kusoma barua pepe ya mhadhiri. Ameandika kwamba mradi "utachangia" utafiti. Nilikuwa nimeipita tu.

Shikamoo Mzee wa Njiro. Kesho naenda kwa afisa utumishi. Kusema kweli sikujua kama kuna mpango wa mwaka.

Tengeru_Maabara

"Utachangia" ni neno la kuuliziwa. Kiasi gani, kwa ajili ya nini, na mradi unaisha lini? Hilo la tarehe ni muhimu kupita kiasi. Mradi ukiwa umebakiza miezi kumi na minne na wewe shahada yako ni ya miezi ishirini na minne, jua kabisa utafika kwenye utafiti fedha imefungwa.

Daktari_Longuo

Nipo upande wa hospitali ya KCMC hapa Moshi. Naunga mkono hoja ya gharama za utafiti, na naongeza iliyosahaulika: kibali cha maadili. Utafiti wa watoto wadogo lazima upite kamati ya maadili. Kuna ada, kuna muda wa kusubiri, na kamati ikirudisha andiko lako mara mbili, miezi imekwenda. Anza kuandika andiko la utafiti sasa, kabla ya udahili. Mtu mwenye andiko la kurasa tano mkononi anasikilizwa tofauti na mtu anayesema "napenda lishe". Nimekaa kwenye usaili wa wanafunzi wa miradi hapa kwetu, hilo nalijua.

Kuna mambo ya kujijenga ambayo hayasubiri ufadhili. Taasisi nyingi za Tanzania zimeunganishwa na Research4Life, na kupitia mpango huo unasoma majarida ya afya na kilimo bila kulipa. Waulize wakutubi wa chuo kilicho karibu nawe. AuthorAID nao wana kozi za bure mtandaoni za uandishi wa makala za kisayansi, na wanaunganisha mwandishi mchanga na mlezi mwenye uzoefu. Makala yangu ya kwanza ilikataliwa mara tatu. Ya pili ilipita baada ya mlezi niliyepatiwa huko kunionyesha kwamba nilikuwa naficha matokeo yangu kwenye aya ya saba. Hilo hakuna darasa lililonifundisha.

Binti_Mweka

Mimi ni wa wanyamapori, samahani kwa kuingilia lishe, lakini pengo hilo la utafiti nasi tunalo na kuna namna tunaliziba.

Kwetu ada tunaweza kupata huku, fedha ya porini tukaipata kule. Rufford ya Uingereza wanatoa ruzuku ndogo za uhifadhi. Hawalipi ada, wanalipa kazi ya uwandani, na ukimaliza vizuri unaweza kuomba ya pili. Nilifanya hivyo: ada ya mwajiri, uwandani Rufford. Hiyo haitakufaa wewe wa lishe, ila muundo ndio huo huo: usimtafute mfadhili mmoja wa kukubeba mzima mzima. Pia mikutano: TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, hukutanisha watafiti wa wanyamapori hapa Arusha kila baada ya miaka miwili, na msimamizi wangu wa sasa nilimpata kwenye foleni ya chai. Tafuta mkutano wa fani yako hata kama huna cha kuwasilisha.

Mtoka_Uingereza

Mzee wa Njiro, nakubali nilipita haraka kwenye suala la mtoto. Sikuwa na mtoto wakati ule na sikulipa uzito wake.

Naomba nirekebishe ushauri wangu. Dada, kuna njia ya tano ambayo hujaitaja. Tume ya ufadhili ya Jumuiya ya Madola, hao hao Waingereza, ina ufadhili wa uzamili kwa masafa. Unabaki Moshi, unabaki kazini, unasoma kwa mtandao na chuo cha Uingereza, ada wanalipa wao. Zipo kozi za afya ya jamii na za chakula, kutegemea vyuo vilivyochaguliwa mwaka huo. Unaomba kwa chuo na kwa tume, sehemu mbili, watu wengi hujaza moja wakasahau nyingine. Na kwa wanaosoma huko huko Uingereza, tume hiyo ina posho ya mtoto kwa mzazi anayelea peke yake, jambo ambalo Chevening hawana.

Kama ungekuwa huna uzoefu wa kazi ningekutajia pia Erasmus Mundus, hawaulizi miaka ya kazi. Wanatoa yuro 1,400 kwa mwezi, na humo humo unatoa nauli, viza na kodi ya nyumba. Lakini mara nyingi ni miaka miwili na unasoma katika nchi angalau mbili. Kwa mtoto wa umri huo sikushauri.

Daktari_Longuo

Hiyo ya masafa ni nzuri, ila rudini kwenye swali la Tengeru_Maabara. Kwa masafa hakuna maabara. Kama utafiti ni wa dodoso na vipimo vya urefu na uzito, anaweza, tena sehemu ya takwimu anazikusanya kazini akiwa na kibali. Kama anataka kupima madini ya chuma kwenye damu au virutubisho kwenye uji, masafa hayatamfikisha. Dada, utafiti wako ni upi kati ya hiyo miwili?

Dada_Kiboriloni

Daktari, hilo swali nimelala nalo jana.

Nikiwa mkweli, ninachotaka kujua ni kilichomo kwenye uji. Akina mama wananiambia wanachanganya mahindi, mtama, soya, karanga, dagaa, vyote kwenye kinu kimoja, na wanaamini kwamba vikiwa vingi ndiyo lishe. Nataka kujua kinachobaki baada ya kusaga na kupika, na kama zile karanga zina sumukuvu. Hilo ni la maabara. Kwa hiyo masafa nayaweka akiba, na Uingereza nimeiondoa mpaka mtoto aanze shule.

Afisa utumishi nimemwona. Jina halikuwemo. Ameniambia niandike barua kabla ya bajeti ya mwaka ujao kupangwa, nimeiandika leo na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ninayo.

Zimebaki mbili: mradi na DAAD. Jumatano nachukua ruhusa ya siku moja naenda kuonana na mhadhiri ana kwa ana. Nitamuuliza mradi unaisha lini, "utachangia" ni shilingi ngapi na kwa vitu gani, na kama uji wa watoto unaweza kuingia ndani ya swali lao. Akisema hauwezi, naandaa DAAD awamu hii hii.

Mzee_wa_Njiro

Umefanya vema kuchukua muhuri. Atakayokujibu muombe ayaweke kwenye barua pepe.

Tengeru_Maabara

Dada, Jumatano ni siku ya gulio Tengeru, magari yanasongamana kuanzia saa nne. Panda Coaster ya asubuhi, shuka Tengeru, chukua bodaboda mwambie Nambala, Nelson Mandela. Beba andiko lako hata kama ni kurasa mbili. Nitumie ujumbe wa faragha ukifika getini, nikuonyeshe na mashine ya kupimia sumukuvu kabla hujaonana na mhadhiri, umwulize ukiwa umeshaiona.