Naomba ushauri: matundu ya pua hayalingani, nifanyiwe upasuaji?

Habari zenu wakuu. Tundu langu la kushoto ni jembamba kuliko la kulia, na ukinitazama kutokea chini utaona gegedu la katikati limeegemea upande huo. Kwenye kioo wala silioni sana. Kwenye picha ndiyo balaa. Usiku upande huo unaziba, nalala mdomo wazi.

Daktari wa masikio, pua na koo anasema ukuta wa kati umepinda. Kuunyoosha kutanisaidia kupumua, ila umbo la nje ni kazi nyingine, ingawa zote zaweza kufanywa kwa pamoja. Akanionya kuwa uvimbe wa ncha ya pua huchukua hata mwaka kuisha, na ulinganifu wa asilimia 100 haahidi. Hapo nilimwamini.

Kuna wanaonishawishi nichomwe sindano za kujaza, yaani dawa ya kurekebisha umbo la pua bila upasuaji. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu mtu anaweza kupofuka, kwa hiyo naogopa.

Mliopitia: mlikatwa kwa nje, pale kati ya matundu, au ndani tu? Kovu linaonekana? Na mliopunguzwa upana wa matundu, pumzi haikubana? Wale wa "ridhika na ulivyoumbwa", mama keshaniambia.