MREJESHO: Logi za seva yetu Kigoma sasa zinajihifadhi zenyewe

Wakuu habari za jioni, narudi na mrejesho. Kwa ambao hawakuona, niliuliza namna ya kufanya logi (faili ambazo programu huandika kumbukumbu za matukio yake) zijihifadhi zenyewe kwenye seva ya ofisi hapa Kigoma maana diski ilikuwa inajaa na lazima mtu aingie kufuta kwa mkono.

Nimeenda na Python (lugha ya kuandikia programu). Skripti inapita kwenye folda, logi yoyote iliyokaa zaidi ya siku 7 bila kuguswa inabanwa kwa gzip (programu ya kupunguza ukubwa wa faili), halafu inasoma ile iliyobanwa mpaka mwisho kuona kama iko nzima, ndo inafuta ya mwanzo. Hiyo hatua ya kusoma tena msiiruke jamani, umeme ukikatika katikati unabaki na nusu faili.

Mkuu aliyesema nisifute logi ambayo programu bado inaiandika, ubarikiwe sana, kumbe kwenye Linux (mfumo endeshi) ukiifuta ikiwa bado imeshikwa nafasi hairudi mpaka programu iiachie, kwa hiyo logi ya leo inayoandikwa bado nimeiachia logrotate (programu ya kuzungusha logi) na chaguo lake la copytruncate, yaani inanakili logi kisha inaondoa yaliyomo bila kufuta faili lenyewe, inaweza kupoteza mistari michache wakati wa kunakili ila kwetu sio ishu.

Kwenye kroni (kipanga ratiba cha Linux) saa 8 usiku, yaani 02:00, inaandikwa 0 2 * * *, na python3 weka njia nzima, /usr/bin/python3, maana PATH ya kroni (orodha ya folda inakotafuta programu) ni fupi mno.

Wikiendi naongeza kopi ya kwenda kwenye diski ya nje, aliyewahi kutumia rsync (programu ya kunakili faili) kwa kazi hii aniambie.