Mikasa ya Spelljammer iliyochapishwa, tuanze na ipi?

NahodhaWaAnga

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa waliowahi kuendesha Spelljammer, ule ulimwengu wa mchezo wa Dungeons & Dragons (D&D) wenye meli za anga. Mimi ndo gemu masta, yaani msimulizi na mwendesha mchezo, wa kikundi chetu na wachezaji wamechoka mapango, wanataka meli zinazopaa kwenda kwenye nyota, nami nimeshawaahidi kampeni ijayo ni huko huko. Boksi la 2022 ninalo, vile vitabu vitatu vya kurasa 64 kila kimoja, na mkasa (hadithi iliyoandikwa tayari kuchezwa) uliomo ndani, Light of Xaryxis, nimeusoma wote. Nimeupenda kweli, lakini mambo mawili yananitia wasiwasi. Kwanza unaanzia levo ya 5 na watu wangu wanataka karakta wapya kabisa. Pili hadithi inawavuta wachezaji kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wanatoka hapa wanapelekwa pale, wakati mimi nataka wawe na meli yao waamue wenyewe waelekee wapi.

Kuna mikasa mingine iliyochapishwa naweza kuunganisha nayo? Na ile ya zamani inachezeka kwa sheria za toleo la 5 la D&D au ni kujitesa bure? Nataka vitu vilivyokwisha andikwa, muda wa kutunga kila kitu sina.

(Kama we ni mchezaji na hujacheza Light of Xaryxis, ishia hapa, huko chini watu watamwaga siri zote.)

Kete_Ishirini

Hilo la levo lina dawa mkuu. Kabla boksi halijatoka wachapishaji wenyewe waliweka kwenye tovuti yao ya D&D Beyond mkasa wa bure unaitwa Spelljammer Academy, una sehemu nne, karakta wanaanza levo ya 1 kama makuruta wa chuo cha mabaharia wa anga na wakimaliza wanafika levo ya 5, yaani pale pale Light of Xaryxis inapoanzia. Sehemu za mwanzo ni mazoezi ya chuoni, nyepesi kidogo, ila usizirushe, maana humo ndo wachezaji wanajifunza nani anakaa kwenye kiti cha uchawi kinachoendesha meli, nani anashika silaha, na ukianguka nje ya meli inakuwaje. Sehemu ya mwisho inawapeleka H'Catha, ulimwengu wa wale mabeholda, madude ya macho mengi, na hapo watajua anga hii haina mchezo.

Light of Xaryxis yenyewe mi naitetea. Imekatwa sura 12, sehemu nne za sura tatu tatu, na sura zinaishia pabaya makusudi ili watu waondoke mezani roho juu. Na wabaya wana sababu yao: dola ya maelfi wa astral nyota yao inakufa, kwa hiyo wanapanda mizizi ya kioo kwenye dunia za wengine na kufyonza uhai wake kuilisha ile nyota. Wachezaji wakielewa kwamba nyota ikizimika na watu wa kule wanakwisha, mabishano yanayozuka mezani ni matamu kuliko vita vyenyewe, kila mtu ana msimamo wake na hakuna anayetaka kunyamaza.

MzeeWaTokaLaPili

Nakubaliana na Kete kuhusu Academy. Ila kijana ameuliza ya zamani pia, ngoja nimweleze maana huko ndiko nilikozaliwa.

Spelljammer ilianza 1989 na boksi la Jeff Grubb, na mikasa ikafuata haraka. Kwa haja yako mimi ningechukua Skull & Crossbows ya Nigel Findley, ya 1990. Ni visa vifupi vifupi vya maharamia wa anga, unachomoa kimoja unakiweka popote njiani, na ndo hasa kinachokosekana kwenye boksi jipya. Wachezaji wakisema leo tunaenda kule, unakuwa na kitu cha kuwapa kule. Halafu tafuta The Rock of Bral ya 1992. Hicho si mkasa, ni mji mzima uliojengwa juu ya mwamba unaoelea angani, una bandari, magenge, wafanyabiashara na mtawala wake Prince Andru. Light of Xaryxis nayo inapita Bral lakini inapita mbio, sasa ukiwa na kitabu cha zamani mji unakuwa nyumbani kwao, wanarudi kukarabati meli, kuajiri mabaharia, kudaiwa madeni, na hadithi zinazaliwa zenyewe humo.

Under the Dark Fist ya 1991 iweke akiba. Ni ya karakta wakubwa, wanapambana na dola ya Vodoni iliyokwisha meza falaki 12 (falaki moja ni jua na sayari zake zote), kwa hiyo itafaa baada ya Xaryxis kama kikundi bado kina hamu.

Kuhusu sheria: viumbe usivihesabu upya kimoja kimoja, chukua vya Boo's Astral Menagerie, kile kitabu cha viumbe cha boksi la 2022, wengi wa zamani wamo, neogi wamo, giff wamo. Ukikuta mtu wa kawaida ana AC (namba ya ugumu wa kumpiga) ya zamani toa kwenye 20, AC 4 inakuwa 16, basi. Lakini kuna tofauti mbili za kuangalia sana. Zamani mchawi akishakaa kwenye kile kiti uchawi wake wa siku nzima umekwenda, sasa hivi anabaki nao wote, kwa hiyo vita vilivyoandikwa kwa meli ambayo mchawi wake kaishiwa vitakuwa laini, ongeza maadui. Ya pili, zamani katikati ya falaki kulikuwa na phlogiston, mvuke unaoshika moto kwa cheche ndogo tu, na visa vingi vinategemea hatari hiyo. Sasa hivi pale ni Bahari ya Astral, haiwaki. Kisa kinachosimama juu ya moto, ama kibadilishe ama kiache.

Rubani_Zuhura

Naheshimu sana mchango wa Mzee, ila na Kete sikubaliani kwenye jambo moja, maana mwuliza swali kasema wazi anataka meli iwe ya wachezaji. Light of Xaryxis inawapandisha kwenye meli ya Kapteni Sartell na kuanzia hapo mara nyingi wao ni abiria kwenye hadithi ya wengine. Ukiiendesha kama ilivyoandikwa, utamu wote wa meli unakwenda na maji. Mimi ningeitumia kama mwisho wa kampeni, siyo uti wa mgongo. Maliza Academy, wape meli, waache wazurure Bral na visa vya Findley, huku pole pole unapanda dalili za Xaryxis: bandari wanayoijua imeota mizizi ya kioo, nahodha fulani anasimulia jua ambalo limefifia. Siku mizizi inaota kwenye dunia wanayoipenda wanatoka wenyewe kwenda kuisaka ile dola, hujamvuta mtu. Itabidi tu uwapandishe maadui wa sura za mwanzo maana watakuwa wameshapita levo ya 5.

NahodhaWaAnga

Dah asanteni sana, hiyo ya Zuhura ya kupanda dalili mapema naichukua jinsi ilivyo. Mzee nashukuru pia, Skull & Crossbows naitafuta leo leo. Swali la mwisho: vita vya meli kwa meli. Nimesoma Astral Adventurer's Guide, kitabu cha sheria cha lile boksi, mara mbili naona kurasa chache tu, mkasa nao unarukia haraka watu kuvamiana. Nifanyeje vita visiwe kila mara tunasogea tunapanda tunakatana mapanga?

Rubani_Zuhura

Ni kweli ni kurasa chache lakini ndani yake mna vitu, shida ni kwamba mikasa haivitumii. Chukua balista, ule upinde mkubwa wa kufungwa kwenye meli. Kuipakia ni kitendo kimoja, kuilenga kingine, kuifyatua kingine, kwa hiyo inataka watu watatu ili ipige kila raundi. Hapo mezani kila mtu ana kazi na kila mtu anajua akiacha silaha kwenda kupigana upangani meli inanyamaza. Mabaharia wakiuawa wawili tu unaliona pengo.

Halafu uvutano. Kila meli ina sakafu ya uvutano inayoikata katikati kwa mlalo, na inavuta pande zote mbili, juu na chini. Maana yake mtu anaweza kutembea chini ya meli miguu ikiwa imekanyaga mbao na kichwa kinaning'inia angani, na kwake yeye huko ndo juu. Waache maadui waje kwa huko chini wakati wachezaji wote wanachungulia ubavuni, utaona watakavyoshtuka. Na anayeanguka nje hapotei moja kwa moja, anapita ile sakafu, anarudi, anapita tena, huku anapepea kuelekea ukingoni, kwa hiyo kila raundi mtu anaamua arushe kamba au abaki kwenye balista.

La tatu ndo la kukuanzishia vita. Meli ikiwa safarini inakwenda maili milioni 100 kwa saa 24, lakini ikifika ndani ya maili moja ya kitu chenye uzito wa tani moja au zaidi inapunguza mwendo yenyewe. Maharamia wa kwenye visa vya Findley wape hila hiyo: watandaze mabaki ya meli kwenye njia inayotumika sana na wao wajifiche nyuma ya mwamba. Meli ya wachezaji inashtuka imepunguza mwendo, mwenye kiti anasema sijafanya kitu, na balista ya watu wengine imeshapakiwa.