Tupeane uzoefu: homa imeisha, lakini ukisimama tu moyo unakimbia

Mwanzisha mada, Bugarika
Habari zenu wadau. Niliugua korona 2021, nikapona. Kilichobaki ni hiki: nikiinuka kitandani moyo unadunda, kichwa chepesi, macho yanaingia giza. Kupandisha mlima hadi nyumbani ni shughuli, na kuoga maji ya moto ndiyo kabisa. Malaria hakuna, taifodi hakuna, presha nzuri. Nikaambiwa ni mawazo. Aliyepitia haya aseme.

Muuza dagaa, Kirumba
Pole sana ndugu yangu. Mimi yalianza baada ya mafua makali. Pale sokoni Mwaloni kazi ni kusimama, na jua la saa saba unalijua. Nilikuwa nachuchumaa katikati ya magunia mpaka giza liondoke machoni, wenzangu wakadhani nina mimba. Presha kila siku wananipima nimekaa, iko sawa. Mpaka daktari mmoja kijana akanilaza, akahesabu mapigo, akanisimamisha akahesabu tena: 76 yakawa 121, presha palepale. Nililia kwa kuaminiwa.

Tabibu, Kanda ya Ziwa
Dada, hiyo inaitwa POTS, yaani moyo kukimbia kupita kiasi ukisimama: mapigo ya dakika moja yanaongezeka kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama, presha haishuki. Kwa umri wa miaka 12 hadi 19 ni kwa 40 au zaidi. Ukisimama, damu inateremka miguuni. Neva zinazojiendesha zenyewe ndizo hubana mishipa ili damu irudi juu. Baada ya virusi, kwa baadhi ya watu kinga ya mwili inaonekana kuzigeukia neva hizo, basi moyo unafidia kwa kukimbia. Da Costa, daktari wa Marekani, aliandika habari za askari wenye mioyo ya namna hii mwaka 1871, wengine ilianza baada ya homa. Ila kwanza upimwe wingi wa damu na tezi ya shingo.

Mzazi, Nyegezi
Binti yangu alikuwa anaanguka paredi, shuleni wakasema mapepo! Iliniuma sana. Sasa anakunywa maji mengi, chumvi kaongezewa na daktari, na anachezesha miguu kabla ya kushuka kitandani.

Mwanzisha mada
Mungu awabariki. Mimi nina presha ya kupanda, ingawa nilipopimwa ilisoma vizuri, hiyo chumvi vipi?

Tabibu, Kanda ya Ziwa
Usiiguse mpaka daktari wako aseme. Anza na soksi za kubana, zinazofika kiunoni. Za gotini hazisaidii sana.