Tupeane uzoefu: ulijuaje kuwa huyu mtu ni wa kuaminika kwenye hela?

Wakuu habari za mihangaiko. Sitaki zile za "mtu mwema anaonekana usoni", nataka za kufanya kazi na mtu mara kwa mara mpaka ukasema huyu namwachia hela nalala.

Naanza mimi. Nalima nyanya Ilula, mzigo unashuka soko la Ilala Dar kwa dalali ambae msimu mzima sikumjua hata sura, ni simu tu. Anauza, anakata ushuru na cha kwake, kinachobaki anatuma kwa simu. Sasa mi niko Iringa ntajuaje tenga limeenda bei gani? Nilichokuwa nafanya nampigia dereva wa fuso au mwenzangu aliyepakia gari hilohilo, nauliza soko limeamkaje. Madalali wengine bei ikishuka wanakwambia sekunde hiyohiyo, ikipanda utaisikia wiki ijayo. Huyu kila nikichungulia bei ni ileile aliyonitajia. Halafu asubuhi moja akanipigia mwenyewe, "mzee usichume leo, magari yamelala na mizigo huku, utalia". Na sisi tunamlipa kwa tenga, yaani hasara ingekuwa yangu na yeye cha kwake angepata vilevile. Toka hapo dereva simsumbui.

KIJUMBE MBAGALA: Mie nachezesha mchezo wa kinamama, tunachanga hela anapokea mmoja mmoja kwa namba. Mgeni hapewi namba za mwanzo hata alie, anakaa mwisho, anawatolea wenzie mzunguko mzima ndo apokee. Ila msidanganyike na wanaowahi kulipa. Tulikuwa na mmoja analeta hela kabla ya siku, tukamsifia weee, mzunguko uliofata kaomba namba moja ana mgonjwa, kapokea, kahama na nyumba. Siku hizi namuangalia yule akikwama anakuja mwenyewe mlangoni, "dada leo sina, ntaleta ijumaa", na ijumaa analeta. Anaezima simu simtaki hata kama analipaga.

DUKA KISAUNI: Huku Mombasa ni daftari tu. Mtu akihamia mtaani namkopesha mkate na maziwa, akilipa naongeza unga, mwisho wa mwezi tena naongeza. Hata hizi mikopo za simu hufanya hivyo hivyo, zinaanza na kidogo zikikusoma.

MSHAMBA WA JIJI: Mnajifariji. Mtu anaweza kuwa muaminifu kwenye elfu hamsini miaka yote, siku ameshika milioni tano ndo unamjua.

Mkuu hapo nakuunga mkono, ndo maana gari likijaa sana nagawa kwa madalali wawili na kila mmoja anajua mwenzie yupo.

MSHAMBA WA JIJI: Kumbe bado unamchunga! Haya nirushie namba yake PM, na mimi nina nyanya huku Kilolo.

Hahaha namba sikupi leo. Nyie ndo mnapanga nzuri juu, masalo (zile hafifu) chini, tenga likifunguliwa mteja anamgombeza dalali, dalali ananiuliza mimi huyu ulimtoa wapi. Pakia kidogo kwenye gari langu kwanza tuone zinafunguliwaje kule. Msimu ukiendelea vizuri utaongea nae mwenyewe.