Kati ya uchoraji wa studio, dizaini ya kompyuta na ualimu wa sanaa, nisome ipi chuoni?

Kijana_wa_Mbauda

Habari zenu wakuu. Mimi niko Arusha, nimemaliza fomu siksi mwaka huu kombi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), matokeo siyo mabaya, sasa ndio nipo kwenye kuomba chuo na kichwa kinaniuma. Tangu niko msingi nachora, na likizo zote nilikuwa napiga kazi kwa fundi mmoja wa mabango huku mtaani, tunaandika majina ya saluni, maduka, magereji, kwa hiyo brashi naijua na rangi ya mafuta naijua. Ninachotaka mimi ni kusoma sanaa yenyewe, kuchora, kuchonga, kujua kwa nini rangi hii ikikaa na ile inapendeza na ikikaa na nyingine inakufa.

Sasa mjomba ndiye anayenisomesha, na anasema kama lazima iwe sanaa basi nisome ualimu wa sanaa angalau kuna mshahara. Washkaji nao wanasema kuchora kwa mkono kumeisha, nikasome grafiki dizaini maana kila kitu siku hizi ni kompyuta, na kweli juzi nimepita duka moja ambalo bango lake tuliliandika sisi nikakuta wametoa wameweka la flex la kuprinti, limeniuma.

Waliosoma haya mambo naombeni mnisaidie. Hivi ni lazima nichague moja nitupe mengine? Na chuo kizuri nakijuaje kabla sijalipa ada? Nina laptopu ya zamani ramu 4GB tu.

FundiRangi_Dar

Dogo pole na hongera. Mimi nilisoma sanaa chuo kikuu na sasa hivi nakula kwa dizaini, nembo, makava ya vitabu, vifungashio vya bidhaa, kwa hiyo nitakuambia ninachokijua.

Hapo kwenye flex washkaji wako wamekosea kusoma. Flex haijaua uandishi wa mabango, imebadilisha tu mashine. Angalia mabango mengi ya flex barabarani, maneno yamejazana mpaka pembeni, aina tano za herufi, njano juu ya nyeupe, ukiwa kwenye daladala husomi kitu. Aliyetengeneza anajua kubonyeza programu ila hajawahi kusimama ng'ambo ya barabara akajiuliza hii herufi inasomeka? Wewe umeshajiuliza, kwa sababu fundi wako lazima alikufundisha kupima nafasi kati ya herufi kwa jicho, kujua kwamba A na V zikikaa jirani ukiacha nafasi ya kawaida linaonekana pengo, kujua unene wa mstari unaoonekana kutoka mbali. Chuoni hiyo inaitwa tipografia na watu wanahangaika nayo muhula mzima. Wewe unaingia nayo mkononi.

Kuhusu studio, mwaka wa kwanza mtu anategemea atachora vitu vikubwa vikubwa, kumbe unapewa mkaa na karatasi na mbele yako kuna chupa, kitambaa na chungu, taa inatoka upande mmoja, unachora hiyo wiki nzima. Unajifunza kuona kivuli kabla ya kuona kitu, yaani unaacha kuchora chupa unayoijua kichwani unaanza kuchora giza na mwanga ulioko mbele yako. Halafu mwili wa binadamu, mkao wa dakika moja, wa dakika tano, wa saa. Huyo mtu aliyepita huko ukimpa Photoshop, ile programu ya picha, anaijua ndani ya miezi michache. Ila aliyeanzia kwenye Photoshop bila jicho anabaki anapakua vitu vya watu anavipanga.

Kompyuta nayo ina elimu yake usiidharau. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuprinti inatumia wino, samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ndio maana mteja anaona bluu inawaka kwenye simu halafu kadi za harusi zikitoka Kariakoo bluu imelala, anaanza kugombana na wewe. Nembo nayo lazima uitengeneze kwa vekta, mistari inayokokotolewa, siyo nukta nukta, ili iweze kukaa kwenye kalamu na ikae kwenye bango la barabarani bila kuvunjika. Hizi picha za akili bandia ambazo wateja wanakuja nazo siku hizi, nyingi zinatoka nukta nukta, mtu analeta nembo ameitoa huko anataka ishonwe kwenye fulana na haishoneki, inabidi uichore upya toka mwanzo, na hapo ndio wanakulipa.

Kwa hiyo mimi ningekushauri digrii yenye studio kwanza na dizaini ndani yake. UDSM wana digrii ya sanaa na dizaini. Bagamoyo kuna TaSUBa, kile chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, pale wengi wanakijua kwa ngoma na maigizo ila sanaa za ufundi, yaani kuchora na kuchonga, zipo pia, na unaweza kuanzia ngazi ya chini ukapanda. Nje ya nchi kuna Makerere, Uganda.

Mwalimu_Thika

Habari ndugu yangu, mimi ni mwalimu wa sanaa shule ya upili huku Kenya, naomba nimtetee mjomba wako kidogo.

Watu wanasema ualimu wa sanaa kana kwamba ni mahali pa kuangukia ukishindwa kuwa msanii. Mimi sikubali kabisa. Sam Ntiro wa kwenu Kilimanjaro alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, yule mama aliyeanzisha shule ya sanaa pale, akafundisha palepale Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, na Tanganyika ilipopata uhuru ndiye aliyekuwa balozi wenu wa kwanza Uingereza, bado alikuwa anachora vijiji na migomba ya kwao, na mchoro wake mmoja uko kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa New York. Elimo Njau naye kutoka Kilimanjaro vilevile, alisomea Makerere, akachora kuta za kanisa la Murang'a 1959, karibu na hapa kwetu, nawapeleka wanafunzi wangu wakazione, kisha 1965 akawa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa Nairobi ambapo wasanii wengi wamelelewa. Hao walikuwa walimu na wasanii kwa wakati mmoja.

Na kufundisha sanaa ni taaluma nzito. Lazima ujue mtoto wa miaka mitatu anachora mikwaruzo na hiyo mikwaruzo ina maana, akifika miaka minne mitano hivi anatoa mtu mwenye kichwa na miguu bila kiwiliwili, hajakosea, ndipo macho na akili yake vilipofika. Viktor Lowenfeld, mtaalamu wa elimu ya sanaa, alizipanga hatua hizo tangu miaka ya 1940 na mpaka leo tunazisoma. Mwalimu asiyejua hilo anamsahihisha mtoto kwa kalamu nyekundu na mtoto haguswi na penseli tena. Halafu vifaa, shule nyingi hazina, kwa hiyo unafundisha kwa udongo wa rangi, mkaa, binzari, uji wa muhogo kama gundi, kiazi kilichochongwa unakichovya kwenye rangi unachapa kitambaa. Darasa la watu hamsini linanyamaza kimya likichapa kitambaa, njoo uone.

Huku kwetu mtaala mpya umefika Gredi 10 na kuna mkondo mzima wa Sanaa na Michezo, nanyi mtaala wenu ulioanza 2024 una mkondo wa amali. Walimu watahitajika. Ila sikiliza hili, ukisoma ualimu hakikisha unatoka na masomo mawili ya kufundishia, huku TSC, tume ya walimu, bila mawili haikuandikishi. Wewe una HKL, chukua Kiswahili na sanaa. Na ulizia kama hiyo kozi ya ualimu ina saa za studio za kutosha, maana kuna vyuo unasoma nadharia za kufundisha kuchora huku mwenyewe huchori.

Mama_Batiki

Mimi natofautiana na mwalimu kwenye jambo moja tu. Mwanangu, usiende ualimu kwa sababu ya mshahara peke yake. Mimi nilifundishwa sanaa na mtu aliyekuwa hapendi, anachora ua ubaoni anasema nakilini, anatoka. Nilikuja kupenda rangi nikiwa mtu mzima kwa mama mmoja wa batiki, nta na ndoo za rangi uani kwake. Kama moyo wako uko kwa watoto nenda, na utawafaa sana. Kama hauko, mweleze mjomba kwa adabu, mpelekee kazi zako azione, mpelekee na hesabu ya mabango mliyoandika na fundi na mlilipwa ngapi. Wazee wengi wanaogopa kwa sababu hawajaona hesabu.

Halafu kuhusu chuo kizuri, usiangalie jina la kozi. Nenda mwenyewe, omba kuona studio. Angalia kama sakafu ina rangi, kama kuna sinki la maji, easeli (stendi za kuchorea) zinatumika au zimejaa vumbi, kompyuta zinawaka. Ongea na wa mwaka wa tatu, wakuonyeshe kazi zao. Ukija Dar pita pia Nafasi Art Space Mikocheni, wasanii wana studio zao pale, unawakuta kazini.

Kijana_wa_Mbauda

Asanteni sana wakubwa zangu, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mjomba ile ya mwalimu, amenyamaza kisha akauliza huyo Ntiro ni wa ukoo gani. Nimeona nitaomba sanaa na dizaini kama chaguo la kwanza na ualimu wa sanaa na Kiswahili kama la pili. Sasa swali la mwisho, laptopu hii itafaa kweli? Na nikitakiwa kuonyesha kazi zangu naziandaaje wakati nyingi ziko ukutani kwa watu?

FundiRangi_Dar

Itafaa kwa kuanzia. Weka Krita kwa kuchora na Inkscape kwa vekta, zote bure, usifungue na vitu vingine kwa wakati mmoja. Blender, ile ya picha za 3D, iache kwanza itakulemea. Ukipata hela nunua tableti ndogo ya kuchorea kabla ya kufikiria laptopu mpya.

Kazi za ukutani zipige picha asubuhi au jua likiwa na wingu, simama katikati sawasawa na bango, simu usiipindishe, flashi zima. Piga nzima, halafu piga kipande cha karibu ionekane brashi ilivyopita. Weka na daftari lako la michoro hata ile iliyoshindikana, walimu wanapenda kuona unavyofikiri. Chagua kumi na mbili hivi zilizo bora, zile ulizofanya na fundi andika wazi kipi alifanya yeye na kipi wewe, chini ya kila moja weka mwaka, ukubwa na ni rangi gani umetumia. Saini yako weka ndogo pembeni isifunike kazi.